Maswali ya Wasomaji: Ndege Mbili, Njia Moja, Pasipo Mnara

Safari hii tumeitenga safu nzima kwa barua kutoka Iringa, Njombe na Mbeya ambazo, kila moja kwa namna yake, zinauliza jambo moja: katika kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege, ni nani anayezuia ndege mbili ndogo zisikutane kwenye njia moja ya kurukia? Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga. Hivi karibuni nilipata bahati ya kusafiri kwa ndege ndogo yenye injini moja hadi kiwanja cha changarawe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa kuwa abiria tulikuwa wachache, nilipewa kiti cha mbele kando ya rubani pamoja na hedifoni za kusikilizia. Tulipokaribia kutua, rubani alisema maneno redioni mara kadhaa, akitaja jina la kiwanja, mahali tulipo na upande tunaokwenda kutua, lakini hapakuwa na sauti yoyote iliyomjibu. Tuliposhuka niliangalia huku na huku, sikuona mnara. Je, alikuwa akizungumza na nani, na ni nani aliyempa ruhusa ya kutua?

JIBU: Mwalimu, hakuna aliyempa ruhusa, wala hakuhitaji kupewa. Katika kiwanja chenye mnara, kama ule ambao abiria wa Songwe huuona wanaposubiri safari, mwongoza ndege huiangalia njia ya kurukia kwa niaba ya wote, na rubani haigusi njia hiyo mpaka aambiwe. Katika kiwanja kisicho na mnara kazi hiyo haifutiki. Inagawanywa kwa marubani wenyewe, na kila mmoja anabeba sehemu yake yote. Rubani wako alikuwa akizungumza na yeyote ambaye angeweza kuwa karibu: mwenzake anayekuja kutoka upande wa Dar es Salaam, mwingine aliyeko chini akiwasha injini, au mwingine aliyekwisha kupaa na bado hajapata kimo. Wote wanapaswa kuwa wamefungua masafa yale yale ya redio yaliyopangwa kwa eneo hilo, na kila mmoja anatangaza bila kusubiri kuulizwa.

Tangazo hilo lina mpangilio wake. Rubani hutaja kwanza jina la kiwanja, kwa sababu masafa yale yale hutumiwa na viwanja vingi na sauti husafiri mbali ndege ikiwa juu. Kisha aina ya ndege yake na namba zake za utambulisho, mahali alipo, kimo chake na anachokusudia kufanya. Na mwishoni hurudia jina la kiwanja, ili aliyechelewa kusikia mwanzo asikose kujua habari hizo ni za wapi. Utaratibu wa Marekani, ambako viwanja vya namna hii ni vingi sana, unashauri tangazo la kwanza litolewe ndege ikiwa umbali wa maili kumi hivi, kisha lifuatwe na mengine kila ndege inapoingia katika hatua mpya ya kutua.

Hatua hizo nazo zimepangwa. Ndege haiji kutoka popote na kujitupa chini. Kwa kawaida huingia katika mzunguko: hupita sambamba na njia ya kurukia ikiwa na upepo mgongoni, kwa kimo cha takriban futi 1,000 kutoka ardhini, hukata kona, hukata kona ya pili, ndipo inyooke kuelekea njia ikiukabili upepo. Kanuni za kimataifa zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambazo Tanzania nayo inazifuata, zinataka kona hizo zikatwe kushoto isipokuwa pale palipoelekezwa vingine. Faida yake ni kwamba rubani mgeni, hata kama redio yake imekufa, anajua sehemu ya anga anayopaswa kuitazama ili awaone wenzake.

Kanuni hizo hizo zinasema nani ampishe nani. Ndege iliyoko angani au ardhini huipisha ile inayotua au iliyo katika sehemu ya mwisho ya kutua. Zikiwa mbili zinakuja kutua, iliyo juu huipisha iliyo chini, lakini iliyo chini haina haki ya kuitumia nafasi hiyo kuchomeka mbele ya mwenzake aliyekwisha kunyooka kuelekea njia. Naomba uisome sehemu hiyo ya pili mara mbili, Mwalimu, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Waliotunga kanuni walijua kwamba haki ya kutangulia ikiachwa peke yake huzaa watu wa kuinyakua. Kwa maoni yangu, rubani mwema wa kiwanja kisicho na mnara hujulikana kwa wepesi wake wa kuiacha haki hiyo pale anapoona mwenzake hajaielewa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa, nasoma Fizikia. Anga ni kubwa na ndege ndogo ni chache. Inawezekanaje mbili zigongane wakati marubani wana macho na redio? Na zile ndege zenye chombo cha kutoa onyo, hazilindwi nacho?

JIBU: Anga ni kubwa, lakini njia ya kurukia ni moja. Ndege zinazotoka Dodoma, Dar es Salaam na Mbeya, zilizokuwa mbali kwa mamia ya kilomita, zote zinalazimika kupita katika kipande kidogo cha anga chenye upana wa mita chache mbele ya mwanzo wa njia hiyo. Ndiyo maana hatari ya ndege ndogo kugongana ni kubwa zaidi karibu na viwanja, katika vimo vya chini, mara nyingi mchana wa hali nzuri ya hewa ambapo watu wengi hupenda kuruka.

Kuhusu macho, tufanye hesabu ambayo bila shaka utaipenda. Mwongozo unaotumiwa kufundishia marubani wa Marekani unakadiria kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kubadili mwelekeo hupita sekunde 12.5, maana ubongo unapaswa kukitambua kitu hicho, kuamua kwamba kinakuja, kuchagua pa kwenda, kisha mikono ifanye kazi na ndege yenyewe iitike. Chukua ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda noti 120, yaani kilomita 222 kwa saa. Zinakaribiana kwa takriban mita 123 kila sekunde. Zidisha kwa 12.5 utapata zaidi ya mita 1,500. Kwa maneno mengine, rubani asiyemwona mwenzake kabla ya umbali wa kilomita moja na nusu amekwisha kuchelewa, na kwa umbali huo ndege ndogo inayokuja moja kwa moja usoni ni kidoa tu ambacho, kwa kuwa hakisogei kushoto wala kulia katika kioo, jicho halivutwi nacho. Kitu kilicho katika njia ya kugongana nawe huonekana kimesimama. Hilo ndilo fumbo lake baya.

Hapa kwetu milimani kuna nyongeza. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege yenye kipimo kinachoonyesha kasi ile ile huwa inakwenda kwa kasi ya kweli iliyo kubwa zaidi, takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za kimo. Nduli, kiwanja chenu cha Iringa, kipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njombe ni karibu mita 2,000. Rubani aliyezoea pwani hukuta ndege inachukua eneo pana zaidi kukata kona ile ile, inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae, na inamfikia mwenzake mapema kuliko alivyotarajia. Ongeza ukungu wa asubuhi wa Mufindi na Njombe katika miezi ya baridi, na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa kabla ya mvua, ndipo utaelewa kwa nini nasema macho ni lazima lakini hayatoshi.

Tena kila ndege ina mahali isipoona. Yenye mabawa juu ya kichwa cha rubani humficha kila kilicho juu yake, hasa inapoinama kukata kona. Yenye mabawa chini ya kiti humficha kilicho chini. Basi ikitokea yenye mabawa ya chini inashuka kutokea juu ya ile yenye mabawa ya juu, zote mbili zikielekea njia moja, marubani wote wawili wanaweza kuwa makini kabisa na wasionane hadi mwisho.

Kasi zikitofautiana, hatari hubadilika sura. Tarehe 18 Agosti 2022, katika kiwanja cha Watsonville, California, kisicho na mnara, Cessna 152 ya mafunzo ilikuwa katika mzunguko wa kawaida, na Cessna 340 yenye injini mbili ikawa inakuja moja kwa moja kutoka mbali bila kuingia katika mzunguko, kwa kasi kubwa mno kwa hatua ile. Wote walikuwa wakitangaza redioni. Rubani wa ndege ndogo alitambua kwamba mwenzake anamjia kwa haraka sana, akatangaza kuwa anaghairi kutua, lakini muda ulikuwa umekwisha. Watu watatu walikufa. Nakutajia ajali hii kwa sababu inavunja dhana kwamba anayetangaza amekuwa salama: tangazo humwambia mwenzako ulipo, halimwambii kwamba wewe unakwenda mara mbili ya kasi anayoifikiria.

Na kile chombo cha onyo? Ndege kubwa za abiria zinacho, na husaidia sana juu angani. Hata hivyo maagizo yake ya kumwamuru rubani apande au ashuke huzimwa kwa makusudi ndege ikiwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, kwani huko chini amri ya kushuka ghafla ingeweza kuua kwa namna nyingine. Tena chombo hicho hutegemea ndege ya pili iwe na mtambo unaojibu ishara zake. Kwa hiyo mahali penye hatari kuliko pote, ulinzi huo ndipo unapopungua.

SWALI: Mimi ni mstaafu, nilikuwa mkuu wa kituo katika reli ya TAZARA, sasa naishi Mbeya. Katika njia moja ya reli, treni haikuingia sehemu ya mbele mpaka kituo cha mbele kikubali kuipokea. Kimya maana yake ni kusimama. Sasa nasikia kwamba rubani akitangaza na asijibiwe, anaendelea. Si hatari hiyo? Je, imewahi kutokea ajali kwa sababu ya kutojibiwa, au kujibiwa vibaya?

JIBU: Shikamoo, Mzee. Swali lako limegusa kiini cha jambo lenyewe, na mfano wako wa reli unafaa kuliko wowote ambao ningeutunga mimi. Tofauti ni moja: treni inaweza kusimama kituoni mpaka kesho, lakini ndege iliyoko angani haina pa kusimama. Ikibaki juu inakula mafuta, na mwisho lazima itue. Kwa hiyo haikuwezekana kuweka kanuni kwamba kimya ni kusimama. Lakini yapo makosa ya kinyume chake ambayo ni mabaya vilevile, nayo ni kuamini kwamba kimya ni ruhusa. Asiyejibu anaweza kuwa hayupo. Anaweza pia kuwa yupo na redio yake imeharibika, au ameweka masafa mengine, au amepunguza sauti ili azungumze na abiria, au yuko chini nyuma ya kilima ambako mawimbi hayapenyi, kwa kuwa redio za ndege zinahitaji kuonana pasipo kizuizi. Katika nchi ya vilima kama yetu, ndege iliyo bondeni na ndege iliyo ng'ambo ya safu ya mlima zinaweza zisisikiane kabisa hadi mmoja apande juu.

Umeuliza kuhusu kujibiwa vibaya. Imetokea, na kwa uchungu mkubwa, katika kiwanja cha Quincy, jimbo la Illinois, Marekani, jioni ya tarehe 19 Novemba 1996. Ndege ya abiria aina ya Beech 1900C ilikuwa ikija kutua kwenye njia namba 13. Wakati huo huo ndege ndogo aina ya King Air ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia namba 04, inayokatana na ile ya kwanza, ikijiandaa kuondoka, na nyuma yake ilikuwapo ndege nyingine ndogo zaidi, Cherokee. Rubani wa ndege ya abiria alifanya lililo sahihi: aliuliza redioni kama ndege iliyoko kwenye njia 04 itasubiri au itaondoka. Sauti ikajibu kwamba inasubiri. Ndege ya abiria ikaamini, ikaendelea, ikatua. King Air nayo ikaanza kukimbia ili ipae, na zikagongana pale njia zinapokatana. Watu wote 14 wa ndege hizo mbili walikufa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba sauti iliyojibu haikuwa ya King Air. Ilikuwa ya rubani wa Cherokee, aliyekuwa nyuma akisubiri zamu yake, na sehemu ya maneno yake ilifunikwa na mlio wa tahadhari ya kimo ndani ya ndege ya abiria yenyewe. King Air haikulijibu swali hilo. Wachunguzi waliweka sababu kuu kwa marubani wa King Air, kwamba hawakuyasikiliza masafa ipasavyo wala hawakuitazama njia, na wakataja jibu lile lililokatika kuwa ni jambo lililochangia. Nami naongeza kwamba ndani ya ndege ile ya abiria kulikuwa na watu walionusurika katika mgongano wenyewe, lakini mlango ulikwama na moshi ukawamaliza; watu waliokimbia kuwaokoa walishindwa kuufungua, na kiwanjani hapakuwa na kikosi cha zimamoto.

Wewe, Mzee, uliyezoea kutaka jibu litoke katika kituo kinachohusika na si kingine, utauona upungufu huo upesi kuliko vijana wengi. Jibu lilikuwapo, lilikuwa la kweli kwa aliyelitoa, ila halikutoka kwa aliyeulizwa. Ndiyo sababu mimi nashikilia kwamba namba za utambulisho wa ndege si urembo wa tangazo. Mtu akisema tu "nasubiri" katika masafa ya wote, amewapa wengine habari isiyo na mwenyewe, na habari ya namna hiyo ni mbaya kuliko kimya, kwa sababu kimya angalau humwachia rubani wasiwasi wake. Jibu likishakatika, au likawa na shaka hata kidogo, liulizwe tena. Na kama hakuna nafasi ya kuuliza, rubani aghairi kutua, apande, azunguke upya. Gharama yake ni dakika chache na lita chache za mafuta.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilayani Makete. Karibu nasi kuna kiwanja kidogo cha nyasi kinachotumiwa mara chache, pengine kumchukua mgonjwa au kuleta wageni. Njia ya watu wanaokwenda sokoni inakikata katikati, bodaboda hupita hapo, na ng'ombe hulishwa humo. Juzi ndege ilipita chini sana bila kutua, wananchi wakakasirika wakidhani rubani anawatania. Tunaomba ushauri.

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, tafadhali wafikishie wananchi kwamba kwa kawaida ndege kupita chini bila kutua ni namna ya rubani kuitazama njia: kama kuna mtu, mnyama, shimo au maji, na upepo unatoka wapi. Pia ni njia yake ya kuwaambia walioko chini kwamba baada ya dakika chache atarudi, na safari hiyo atatua. Hapana mnara, hapana mlinzi mwenye redio. Mlio wa injini ndio tangazo pekee linalowafikia wao. Basi mlio huo ukisikika, wote waondoke kwenye njia na wasogee pembeni kabisa, si ukingoni. Watoto hasa wafundishwe kwamba ndege ikishatua hawapaswi kuikimbilia, kwa kuwa panga la mbele linalozunguka halionekani, na kwamba ndege ya kwanza kutua haimaanishi hakuna ya pili nyuma yake.

Kuna jambo la viwanja vya milimani ambalo wageni hawalijui. Kiwanja chenye mteremko mkali mara nyingi hutumika kwa namna ya pekee: ndege hutua ikipanda mlima ili isimame upesi, na huondoka ikiteremka ili ipate kasi, hata kama upepo haukubaliani sana na mpango huo. Maana yake ni kwamba anayekuja na anayeondoka wanakabiliana uso kwa uso katika mstari mmoja, na hakuna mmoja wao anayeweza kubadili uamuzi kwa wepesi, kwa kuwa mwisho wa juu wa njia mara nyingi ni kilima. Katika kiwanja cha namna hiyo aliye chini hapaswi hata kusogea kutoka mahali alipoegesha mpaka awe na hakika kwamba hakuna anayekuja. Mkijaliwa kuwa na mtu mmoja kijijini anayepewa taarifa za safari kwa simu kabla ya ndege kuondoka ilikotoka, mtu huyo anaweza kumwambia rubani aliye chini kwamba ndege nyingine inatarajiwa. Ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana.

Kuhusu njia ya sokoni, naomba msiishie kuweka kibao. Kaeni na wenye kiwanja na halmashauri, ichongwe njia ya kuzunguka mwisho wa kiwanja, fupi kiasi ambacho mwenye mzigo kichwani hataona sababu ya kuikwepa. Watu huendelea kupita katikati kwa sababu kuzunguka ni mbali, si kwa sababu ni wakaidi. Na mfuko wa upepo, ule uliotundikwa kwenye mlingoti, usichukuliwe wala usifungwe. Kwa rubani asiye na mtu wa kumwuliza, kitambaa hicho ndicho kinachomwambia atue upande upi, na marubani wawili wanaokisoma vilevile watachagua upande mmoja badala ya kukabiliana.

SWALI: Kwa nini Serikali isijenge minara katika viwanja vyote ikamaliza suala hili? (Msomaji, Njombe mjini)

JIBU: Mnara ni watu kabla ya kuwa jengo: waongoza ndege waliosomea, wa kupokezana zamu, wenye leseni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa kiwanja ambacho pengine hupokea ndege mbili kwa juma. Hata Marekani, yenye viwanja zaidi ya 5,000 vya matumizi ya umma, ni takriban 500 tu vyenye minara. Wala mnara haumalizi hatari yote. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege kubwa ya abiria muda mfupi baada ya hiyo ya abiria kuruka kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, chenye mnara. Waliokuwamo katika ndege ya mafunzo, mwanafunzi na mwalimu wake, wote wawili walikufa.

Ninachokitaka mimi kwa viwanja vyetu vya kati, vile ambavyo asubuhi moja hupokea ndege tatu au nne zinazofuatana, ni mtu mwenye redio. Hatatoa ruhusa ya kutua, lakini ataweza kusema upepo unatoka wapi, ni ndege ngapi zimetangaza na kama kuna swala njiani. Katika hifadhi, tayari ni desturi gari kutangulia kuipitia njia na kufukuza wanyama kabla ya ndege kutua. Kumpa dereva huyo redio na mafunzo ni hatua ndogo mno ukilinganisha na maisha yanayolindwa.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mbeya, niko katika mafunzo ya urubani. Viwanja vingi nitakavyokwenda havina barabara ya pembeni ya ndege. Ukitua lazima ugeuke na kurudi kwa magurudumu juu ya njia ile ile hadi kwenye maegesho. Nifanye nini nikiwa katikati ya njia na nikasikia mwenzangu akisema yuko dakika mbili kutoka kutua?

JIBU: Hongera kwa kuuliza mapema, kwa maana hapo ndipo ndege hukaa kwenye njia kwa muda mrefu kuliko wakati wowote mwingine, tena ikienda polepole. Kwanza, usigeuke kabla hujatangaza. Ukishasimama mwishoni mwa njia, sema waziwazi kwamba bado umo njiani na kwamba unarudi kwa magurudumu, ukitaja upande unaoelekea kwa namba za njia, si kwa kushoto na kulia. Namba hizo ni mwelekeo wa dira uliogawanywa kwa kumi: inayoelekea mashariki ni 09, na ukigeuka kuelekea magharibi njia hiyo hiyo ni 27. Anayekuja akisikia kwamba unaelekea 27 ilhali yeye anatua 09, anajua mara moja kwamba mnatazamana.

Akishasema dakika mbili, usishindane na saa. Jiulize kama utakuwa umefika maegesho na mkia wako uko nje ya njia. Kama jibu si ndiyo ya uhakika, mwambie hivyo hivyo, ukimwita kwa namba zake, kwamba njia haiko wazi. Kanuni inampa yeye anayetua haki ya kutangulia, lakini haki hiyo haikuondoi wewe mahali ulipo, na rubani mwenye busara atazunguka. Pale palipo na eneo wazi lenye ardhi ngumu ya kutosha pembeni unaweza kutoka, lakini usitoke kwa haraka kwenye nyasi usizozijua: gurudumu likizama wakati mkia ungali njiani, umeifunga njia kwa wote. Washa taa zako zote, hata mchana wa jua kali.

Usitumie maneno ambayo marubani wengi wameyazoea, yale ya kuwataka wote walio karibu wajitokeze redioni. Yakisemwa, watatu hujibu kwa pamoja, na redio za ndege zikipokea sauti mbili kwa wakati mmoja hutoa mlio tu usioeleweka. Tena utaratibu wa Marekani unayakataza kwa sababu kila mmoja anapaswa kuwa amekwisha kutangaza bila kuombwa. Sikiliza dakika kadhaa kabla hujasema lolote. Na kabla ya kuingia njiani kuondoka, geuza ndege kidogo ili uitazame sehemu ya mwisho ya kutua kwa macho yako, pande zote mbili, kwa kuwa anayekuja anaweza kuwa anatua upande usioutarajia. Ukisharidhika, ingia na uondoke bila kukaa. King Air ya Quincy ilikuwa imesimama njiani takriban dakika nzima bila kusema chochote.